PCOS si Tatizo la Uzazi Pekee: Wanawake wa Kilosa na Mikumi Wahimizwa Kuulinda Moyo Mapema

Mwanamke anapofika zahanati kwa sababu hedhi yake imepotea miezi minne, au kwa sababu ndoa imetimiza mwaka wa tatu bila mtoto, mazungumzo karibu yote huhusu kizazi. Ni haki yake kusikilizwa na kutibiwa kwa hilo. Lakini lipo jambo ambalo mara nyingi husahaulika katika chumba hicho hicho: shinikizo lake la damu, sukari yake, na mafuta yaliyomo katika damu yake. Akipata mtoto, huondoka kwa furaha na faili hufungwa. Asipopata, huondoka amekata tamaa na faili hufungwa vilevile. Katika hali zote mbili, moyo haukuangaliwa.

Moja ya sababu kubwa za hedhi kupotea na mimba kuchelewa ni hali ambayo watabibu huitaja kwa kifupi cha PCOS, yaani mvurugiko wa homoni unaoambatana na ovari zenye vifuko vidogo vingi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hali hii huwapata wanawake 8 hadi 13 katika kila wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nayo hawajitambui. Kwa makadirio hayo, kijiji chenye wanawake 400 wa umri huo kinaweza kuwa na kati ya 32 na 52 wenye hali hii, na wengi wao hawajawahi hata kuisikia ikitajwa.

Madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliieleza hali hii katika maandishi ya kitabibu mwaka 1935, na kwa miongo mingi iliendelea kuhesabiwa kuwa jambo la ovari na uzazi. Uelewa huo umebadilika. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2023 unaelekeza kwamba kila mwanamke mwenye PCOS ahesabiwe kuwa na hatari iliyoongezeka ya kupata magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, na achunguzwe viashiria vya hatari hiyo. Mwongozo haukusema wanene peke yao, wala waliovuka miaka 40 peke yao. Umesema wote.

Jina linalopotosha

Neno “vifuko” limewatia hofu wanawake wengi. Anayeambiwa baada ya kipimo cha ultrasaundi kwamba ovari zake zina vifuko vingi huelewa kuwa ana uvimbe, na kutoka hapo safari ya kutafuta dawa ya kuuyeyusha huanza: mizizi ya kuchemsha, unga wa kuchanganya na maziwa, chupa zinazouzwa kwa jina la kusafisha kizazi. Ukweli ni kwamba vifuko hivyo si uvimbe. Ni vijumba vya mayai ambavyo vilianza kukua kama ilivyo kawaida kila mwezi, vikasimama njiani kwa sababu homoni hazikuvipa ishara ya kukamilika. Hakuna cha kuyeyusha. Fedha iliyotumika kununua chupa hizo ingelipa nauli na vipimo vya mwaka mzima.

Kwa mwanamke mtu mzima, mtabibu husema kuna PCOS anapokuta mambo mawili kati ya matatu. La kwanza ni hedhi isiyo na mpangilio au inayokosekana. La pili ni dalili za homoni za kiume kuzidi, kama vile ndevu kidevuni, nywele kifuani na tumboni, chunusi sugu, au nywele za kichwani kupungua, ama wingi wa homoni hizo ukionekana katika kipimo cha damu. La tatu ni mwonekano wa ovari katika ultrasaundi. Kwa hiyo mwanamke ambaye hedhi yake hukaa miezi mitatu na ambaye anaota ndevu anaweza kutambuliwa bila ultrasaundi, ilimradi ujauzito, matatizo ya tezi ya shingo na sababu nyingine zimeangaliwa kwanza. Vilevile, picha ya ultrasaundi peke yake haitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa. Jambo hili lina uzito kwa wakazi wa kata zilizo mbali na mashine hizo: kukosa picha si sababu ya kukosa huduma.

Hapa pana neno kwa akina baba. Mimba isipoingia, lawama humwangukia mke na yeye ndiye hutumwa hospitali. Mume naye hupaswa kupimwa, tena mapema, kwa kuwa tatizo linaweza kuwa kwake, kwao wote wawili, au lisiwe kwa yeyote kati yao. Mke aliyeandikiwa PCOS si mgumba. Wengi hupata watoto, baadhi bila dawa yoyote.

Namna hali hii inavyofika kwenye moyo

Wakazi wa Kilosa wanaijua stesheni ya reli. Mtu anaweza kuifikiria sukari inayotokana na chakula kuwa mzigo uliofika kwa treni, na damu kuwa ndiyo reli. Mzigo huo unatakiwa kushushwa na kuingizwa katika maghala, ambayo ni misuli na ini. Wapagazi wanaofanya kazi hiyo ni homoni iitwayo insulini, inayotoka katika kongosho. Kwa wanawake wengi wenye PCOS, milango ya maghala ni migumu kufunguka. Mwili hauachi mzigo ukae relini, huongeza wapagazi. Badala ya kumi hutumwa thelathini, na kwa muda fulani kazi hufanyika na kipimo cha sukari husoma sawa.

Matatizo huanzia kwa wapagazi hao wa ziada. Insulini nyingi inapofika kwenye ovari huzichochea zitengeneze homoni za kiume kuliko inavyopasa. Inapofika kwenye ini hupunguza protini ambayo kazi yake ni kuzishika homoni hizo zisizurure. Ndiyo maana ndevu huota na yai halikomai. Wakati huo huo mafuta huelekea kujikusanya tumboni, mafuta mabaya katika damu hupanda na yale mazuri hupungua, shinikizo la damu huanza kusogea juu, na kuta za mishipa hupoteza ulaini wake. Baada ya miaka kadhaa kongosho huchoka, wapagazi hupungua, mzigo hubaki relini, na hapo ndipo mtu huambiwa ana kisukari. Wapo wanaoona alama ya nje mapema: ngozi ya shingoni au kwapani kuwa nyeusi na nene kama kitambaa cha mahameli. Wengi huisugua kwa dodoki wakidhani ni uchafu, na wengine hununua krimu za kuing'arisha. Weusi huo hautoki kwa kusugua. Mara nyingi ni ishara kwamba insulini imezidi.

Haifai kumtisha msichana wa miaka 23 kwamba atapata mshtuko wa moyo kesho. Tukio la namna hiyo katika umri huo ni adimu. Kinachotokea ni kwamba viashiria vya hatari huanza mapema na hurundikana: presha akiwa na miaka 30, sukari akiwa na 35, na akifika 50 mishipa yake imebeba mzigo kwa miaka 20. Aidha, haanzii mahali patupu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulionesha kuwa takribani mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini alikuwa na shinikizo la juu la damu. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2015 na 2016 nao ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. PCOS huongeza mzigo juu ya mzigo huo.

Wembamba nao wasijitoe katika hesabu. Mwanamke mwembamba anaweza kuwa na PCOS na akawa na insulini iliyozidi, isipokuwa hakuna anayemshuku kwa kuwa mwili wake haupigi kelele.

Vipimo ambavyo mwanamke anapaswa kuviomba

Cha kwanza ni shinikizo la damu. Kipimo hiki huchukua dakika chache, hakihitaji kutolewa damu wala kufunga kula, na ndicho kinachopaswa kuanzia zahanati. Mwenye PCOS apimwe angalau mara moja kila mwaka, na kila anapopanga kushika mimba. Ili namba iwe ya kweli, akae kitini dakika tano bila kuzungumza, miguu ikiwa sakafuni, mgongo umeegemea, mkono ukiwa juu ya meza usawa wa moyo, na awe amekwenda haja ndogo. Aliyeshuka kwenye bodaboda sasa hivi, au aliyetembea kutoka ng'ambo ya mto, apumzike kwanza. Shinikizo likifika 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, hilo ni shinikizo la juu la damu na linahitaji mpango wa matibabu. Namba moja iliyopanda siku moja haimfanyi mtu mgonjwa, ila humpa sababu ya kurudi.

Cha pili ni uzito, urefu na mzingo wa kiuno. Uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe hutoa uwiano. 25 na kuendelea ni uzito uliozidi, 30 na kuendelea ni unene wa kupindukia. Mwanamke mwenye kilo 78 na urefu wa mita 1.60 ana uwiano wa karibu 30 na nusu. Kiuno hupimwa kwa utepe wa fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Kwa mwanamke, kiuno kinachozidi sentimeta 80 ni onyo, na kinachozidi 88 ni onyo kubwa zaidi.

Cha tatu ni sukari, na hapa panahitaji maelezo kidogo. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kinaweza kusoma vizuri wakati tatizo limekwisha kuanza, kwa sababu wapagazi wa ziada bado wanaifanya kazi. Kwa mwenye PCOS kipimo kinachopendekezwa zaidi ni kile cha kunywa maji yenye gramu 75 za glukosi na kupimwa tena baada ya saa mbili. Namba ya saa mbili ikiwa 7.8 hadi 11.0, sukari imeanza kuponyoka, ikifika 11.1, ni kiwango cha kisukari. Pale ambapo kipimo hicho hakipatikani, kile cha kabla ya kula bado kina maana, ambapo 7.0 na kuendelea ni kiwango cha kisukari, na kipimo kinachoonesha wastani wa sukari wa miezi mitatu hufaa pia. Kurudia ni kila mwaka mmoja hadi mitatu, kwa kutegemea uzito, historia ya familia, na kama mama aliwahi kupata kisukari cha ujauzito.

Cha nne ni mafuta katika damu, yaani lehemu na wenzake. Hiki hupimwa mara hali inapotambuliwa, na mtabibu hupanga marudio kulingana na majibu.

Mtu asiondoke na neno “uko sawa” peke yake. Aombe namba ziandikwe katika daftari lake, pamoja na tarehe. Namba ya mwaka huu ikiwekwa pembeni ya ile ya mwaka uliopita husema zaidi kuliko namba moja iliyo peke yake. Pia afike akiwa ameandika tarehe ambazo hedhi ilianza kwa miezi sita iliyopita. Kalenda ya ukutani inatosha. Zahanati ikikosa kipimo, rufaa hufuata ngazi: kituo cha afya, kisha hospitali, iwe Hospitali ya Wilaya ya Kilosa au, kwa walio upande wa Mikumi, Hospitali ya Mtakatifu Kizito. Panapohitajika daktari bingwa, mgonjwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro, na wenye matatizo makubwa ya moyo huweza kufikishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mwenye bima aulize mapema ni vipimo vipi vinagharamiwa na katika ngazi ipi.

Mazoezi kwa anayelima na kwa anayekaa kibandani

Ushauri wa kufanya mazoezi hutolewa kwa wote kwa maneno yale yale, na hilo ni kosa. Mwanamke wa Zombo au Ulaya anayeamka alfajiri kwenda shambani, akapalilia hadi saa sita, akarudi na kuni kichwani, hana haja ya kuambiwa aruke kamba. Amekwisha kufanya kazi ya mwili kuliko anachotakiwa. Tatizo lake ni la msimu. Mavuno yakiisha na jembe likiwekwa juu, miezi mizima inaweza kupita bila kazi ya kutoa jasho, ilhali sahani ya ugali imebaki na ukubwa ule ule wa wakati wa palizi. Kwake ushauri unaofaa ni kupunguza sahani wakati jembe limepumzika, na kuendelea kutembea.

Hali ni tofauti kwa mama lishe wa Mikumi. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya hupita hapo, malori husimama usiku na mchana, na anayewahudumia madereva huanza kazi kabla ya jua na kumaliza baada ya jua. Amechoka kweli kweli, lakini uchovu wake ni wa kukaa na kusimama mahali pamoja mbele ya jiko, akionja kila kinachopikwa. Usingizi wake ni mfupi. Moshi wa kuni na mkaa anaouvuta siku nzima nao ni adui wa moyo, jambo ambalo watu wengi hulihesabu la mapafu tu. Ndivyo ilivyo pia kwa muuza duka, fundi cherehani na karani. Kwao mwendo wa haraka wa nusu saa kwa siku tano za wiki hufikisha dakika 150 zinazopendekezwa, na dakika hizo zinaweza kugawanywa kumi kumi. Mwendo wa haraka ni ule ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Kubeba ndoo, kupanda mlima na kuchota maji hujenga misuli, nayo misuli ndiyo maghala yenye milango migumu. Ikitumika, milango hulegea hata kabla uzito haujapungua kwa kilo moja.

Kuhusu uzito wenyewe, hakuna anayedai kilo thelathini. Kupungua kwa asilimia 5 hadi 10 tu huweza kuleta mabadiliko yanayoonekana katika sukari, shinikizo la damu na hata hedhi. Kwa mama wa kilo 78 aliyetajwa, asilimia 5 ni kilo karibu 4. Lakini lipo gumu ambalo vipeperushi vya afya havilisemi. Bibi arusi akinenepa husifiwa kuwa amenawiri na mume anamtunza. Mwanamke akipungua, majirani huanza kunong'ona kuwa anaumwa, na baadhi hutaja jina la ugonjwa. Wapo walioacha juhudi zao kwa sababu ya minong'ono hiyo. Mume na mama mkwe wakielezwa pamoja na mgonjwa siku ya kliniki, nusu ya vita huwa imekwisha.

Upande wa chakula, wilaya hii imejaliwa. Kunde, choroko na mbaazi hupatikana, ufuta na alizeti hulimwa, matembele, mlenda na mchicha havina bei ya kuogopesha. Vyakula hivyo huingiza sukari katika damu polepole. Dona ni bora kuliko sembe. Nusu ya sahani ikiwa mboga, robo ugali au wali, na robo maharage, dagaa, samaki, yai au nyama isiyo na mafuta mengi, mpango unakuwa umetimia bila kununua chakula cha pekee. Kinachoharibu kwa haraka ni vinywaji. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari ya takribani vijiko tisa vidogo, na chai tatu za vijiko vitatu vitatu hufika hapo hapo. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana iwe chini ya 25, ambazo ni vijiko vidogo sita. Kwa wenyeji wa Ruhembe na Kidodi, wanaoishi jirani na mashamba ya miwa, ushauri huu unaweza kuonekana kama mzaha, lakini namba hazibadiliki kwa sababu ya ujirani. Chumvi nayo isizidi gramu 5, yaani kijiko kidogo kimoja kwa siku nzima, pamoja na iliyomo katika viungo vya mchuzi vya kufungwa kwa karatasi. Sigara na ugoro viachwe kabisa.

Kukoroma kwa nguvu, kushtuka usiku kama aliyekosa pumzi, na kusinzia mchana ni mambo ya kumweleza mtabibu, kwa kuwa wenye PCOS hupata zaidi tatizo la pumzi kukatika usingizini, nalo hupandisha shinikizo la damu. Sonona pia huwapata zaidi. Mwanamke aliyesemwa kwa miaka mitano kuhusu mtoto hahitaji kuambiwa ajikaze.

Dawa

Hakuna dawa inayoiondoa PCOS moja kwa moja. Zilizopo hutuliza sehemu mbalimbali za tatizo, na uteuzi wake ni wa mtabibu. Metformini, ambayo wengi huijua kuwa ya kisukari, huweza kutolewa ili kulegeza ile milango ya maghala. Hivyo anayeandikiwa asidhani amefichwa ugonjwa wa sukari. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili hupanga hedhi na kupunguza ndevu na chunusi. Vidonge hivyo havimfai kila mtu: mwenye shinikizo la juu la damu, aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, anayepata kipandauso kinachotanguliwa na kuona mwanga wa kumetameta, au mvutaji sigara aliyefikisha miaka 35, anapaswa kupewa njia nyingine. Ndiyo sababu kununua vidonge hivi dukani bila kupimwa presha ni hatari kwa kundi hili hasa.

Hedhi kukosekana zaidi ya miezi mitatu bila ujauzito si nafuu, hata kama mwanamke anafurahia kupumzika na gharama za taulo. Ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huendelea kunenepa bila kutoka, na kwa miaka mingi hali hiyo huongeza hatari ya saratani. Mtabibu huweza kutoa dawa ya kuuondoa ukuta huo kwa vipindi.

Aliyeanzishiwa dawa za presha asiziache kwa sababu kichwa kimeacha kuuma. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili yoyote. Kushuka kwake ni kazi ya dawa, na dawa ikiachwa hupanda tena. Na mwanamke mwenye PCOS anayetumia dawa za presha au za kupunguza lehemu amwambie mtabibu kama anatarajia mimba, kwa kuwa baadhi yake, kama enalaprili na losartani, humdhuru mtoto tumboni. Onyo hili lina maana ya pekee kwa aliyeaminishwa kuwa hazai. Yai linaweza kupevuka mwezi wowote, hususan uzito unapopungua au metformini inapoanza kufanya kazi, na mimba ikaingia bila kutarajiwa.

Wakati wa ujauzito

Mjamzito mwenye PCOS yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha ujauzito na shinikizo la damu linaloweza kuishia katika kifafa cha mimba. Anatakiwa kuanza kliniki mapema, kabla ya wiki ya 12, na kumwambia muuguzi hali yake siku ya kwanza ili iandikwe kwenye kadi. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, maumivu makali juu ya tumbo, au uso na mikono kuvimba ghafla ni mambo ya kwenda kituoni siku hiyo hiyo. Kwa dharura ya mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga, ipo namba 115 ya mfumo wa usafiri wa m-mama, isiyo na malipo. Aliyepata kisukari cha ujauzito apimwe tena sukari kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, hata akijiona mzima. Siku ya chanjo ya mtoto ni nafasi nzuri ya kukumbushia.

Kwa mtu yeyote, mdomo kupinda, mkono mmoja kulegea au maneno kuvurugika ni kiharusi hadi mtabibu aseme vinginevyo. Kifua kubana, maumivu kupanda hadi taya, bega au mgongo, jasho la baridi, kichefuchefu na kukosa pumzi huweza kuwa mshtuko wa moyo. Kwa wanawake dalili hizi wakati mwingine huja bila maumivu makali ya kifua, zikafananishwa na vidonda vya tumbo au uchovu. Familia isisubiri asubuhi. Katika vijiji ambavyo barabara hukatika wakati wa masika, ni vema jirani mwenye pikipiki au gari afahamike mapema, na namba yake iwepo katika simu ya mtu zaidi ya mmoja.

Mabinti na dada

PCOS hutembea katika familia. Mama aliye nayo anaweza kuiona kwa binti yake au mdogo wake, ingawa si lazima. Kwa binti aliyevunja ungo karibuni, hedhi kupishana katika mwaka wa kwanza ni kawaida na haihitaji dawa. Kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa tatu, mizunguko mifupi kuliko siku 21 au mirefu kuliko 45 inafaa kuangaliwa. Baada ya miaka mitatu, kipimo ni siku 21 hadi 35. Aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo naye apelekwe kwa mtabibu. Mzazi asikimbilie ultrasaundi, kwani katika miaka minane ya mwanzo baada ya kuvunja ungo ovari za wasichana wengi wazima huonekana na vifuko vingi, na picha hiyo huzaa hofu isiyo na msingi. Binti apimwe uzito na shinikizo la damu, aulizwe kuhusu chunusi na nywele bila kuchekwa, na tarehe za hedhi yake zianze kuandikwa nyuma ya daftari la shule.